Shaaban Robert na Fani Zake Tatu: Shairi, Hadithi na Wasifu wa Nafsi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Katika mwezi wa Muharram mwaka 1382 Hijria, yaani Juni 1962, miezi sita baada ya Tanganyika kupata uhuru wake, alifariki Shaaban bin Robert akazikwa Machui, kusini ya mji wa Tanga, si mbali na Vibambani alikozaliwa. Umri wake ulikuwa miaka 53. Aliacha vitabu zaidi ya ishirini, vingine vikiwa bado ni miswada iliyongoja mchapishaji. Tangu siku hiyo yamesemwa mengi juu yake. Wanafunzi wa sekondari wa Tanzania na Kenya wamemsoma kwa ajili ya mitihani, wahakiki wamemwita mwanafalsafa, na wengine katika miaka ya 1970 wakamlaumu kwamba anahubiri utu bila ya kuonyesha njia ya kuupata. Ama sisi watu wa vyuo na madrasa, wengi wetu tumemwachia mwalimu wa Kiswahili, kana kwamba hatuhusu.

Suala tunalotaka kulitazama ni hili: je, maandishi ya Shaaban Robert ni sehemu ya turathi ya Waislamu wa mwambao huu, yenye haki ya kusomwa pamoja na Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona, au ni fasihi ya shule tu ambayo mwalimu wa dini ana ruhusa ya kuiacha? Wanaomwacha wana hoja zao, na hoja hizo zastahiki kujibiwa kwa adabu. Husema kwamba ametunga hadithi za uongo. Kwamba amefasiri beti za ulevi za Omar Khayyam. Kwamba ameandika habari za mwimbaji. Na wako wasiosema lolote ila kulitilia shaka jina lake.

Tuanze na jina, maana ndilo jepesi. Robert lilikuwa jina la baba yake, na jina la baba halimtoi mtu katika dini yake. Shaaban alizaliwa Mwislamu, akaishi na kufa Mwislamu. Tarehe ya kuzaliwa kwake iliyoandikwa ni tarehe 1 Januari 1909, ambayo ni Dhul-Hijja ya mwaka 1326, kwa hiyo hata hilo la Shaaban mtu asilichukue kuwa ni dalili ya mwezi aliozaliwa. Alisoma Dar es Salaam katika miaka ya 1920, na mwaka 1926 akaingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha. Akahamishwa huku na huku, Pangani, Mpwapwa na kwingineko, mpaka akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya na baadaye idara ya upimaji. Miaka thelathini na zaidi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Vitabu vyote tunavyovizungumza viliandikwa na mtu ambaye mchana alikuwa mezani kwa mkubwa wake akinakili hesabu za watu wengine.

Hati aliyoandikia ni ya Kirumi, na hapa pana jambo. Kabla yake washairi wetu waliandika kwa herufi za Kiarabu. Bwana Mwengo alipotunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, na Mwana Kupona binti Msham alipomwandikia binti yake mwaka 1858, mwandishi na msomaji wote walitoka chuoni. Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuichukua bahari ile ile ya utenzi na kuimimina katika herufi za shule. Wazee wetu wengi waliziona herufi hizo ni za misheni na za serikali, wakajitenga nazo kwa kuchelea dini ya watoto wao. Khofu yao ilikuwa na sababu. Lakini matokeo yake ni kwamba mtunzi wa Kiislamu aliyesomwa kuliko wote katika karne iliyopita alisomwa nje ya madrasa.

Sasa tuje kwenye ushairi. Hukumu ya shairi haihitaji maneno mengi kwa wasomaji wa jarida hili. Mwisho wa Suratu Shu'araa unawalaumu washairi wanaofuatwa na wapotofu, kisha ukawatoa katika lawama wale walioamini na kutenda mema na kumtaja Mwenyezi Mungu kwa wingi. Hassan bin Thabit aliwekewa mimbari msikitini. Na msimamo wa Imamu Shafii (r.a.) unajulikana, kwamba shairi ni maneno kama maneno mengine, hupimwa kwa yaliyomo. Tukimpima Shaaban kwa mizani hiyo, tunakuta kwamba sehemu kubwa ya ushairi wake ni nasaha tupu. Kitabu chake kimoja alikiita Marudi Mema, na neno "marudi" kwa Waswahili ni maonyo ya mzazi kwa mtoto, yale ya kumrudi ili atengenee. Jina hilo lingefaa kuandikwa juu ya kazi zake zote.

Hatusemi kwamba kila alichotunga kiko daraja moja. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti kiasi cha 3,000 juu ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, ni kazi ya subira kubwa, na mwenye kuijua Tambuka ataona mara moja kwamba Shaaban amechukua chombo kilichoundwa kwa ajili ya maghazi ya Mtume (s.a.w.) akakipakia vita vya Wazungu. Chombo kinaelea, lakini shehena ni nzito, na msomaji wa leo huchoka kabla ya kufika bandarini. Linalotushughulisha zaidi ni lile neno "uhuru" katika anwani. Karani wa nchi iliyotawaliwa aliandika maelfu ya beti juu ya uhuru wa mataifa, na wakubwa wake wakamsifu. Kama waliiona chembe ya mshale ndani yake, hawakusema.

Ama fani ya hadithi ndiyo tunayotaka kukaa nayo, kwa sababu ndiyo yenye ubishi na ndiyo yenye hazina.

Wanaoziharamisha hadithi za kubuni husema: uongo ni haramu, na kusimulia lisilokuwa ni uongo. Jibu la maulamaa wetu ni kwamba uongo ulioharamishwa ni kulieleza jambo kinyume cha lilivyo kwa kutaka lisadikiwe. Mwenye kupiga mfano, na msikilizaji akajua kuwa ni mfano, hakumdanganya mtu. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitoa hoja hii katika utangulizi wa Maqamat zake: hakuna mwanachuoni aliyewakataza watu visa vilivyowekwa vinywani mwa wanyama, na amali huhukumiwa kwa nia. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 Hijria), ambaye kitabu chake cha Tuhfa kinarejewa na masheikh wa mwambao huu mpaka leo, ameigusa mas'ala hii alipoizungumza hadithi ya ruhusa ya kusimulia habari za Bani Israili. Amejuzisha kusikiliza visa vya ajabu, hata vile ambavyo uongo wake wajulikana, pindi vikikusudiwa kuwa ni mifano na mawaidha, viwe vinasemwa na watu au na wanyama. Basi anayetaka kumfungia mlango Shaaban Robert kwa hoja hii atafute kwanza namna ya kuwafungia Al-Hariri na waliosoma kwake.

Tuchukue Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Wasomaji wengi hawajui kwamba kisa hiki asili yake ni Alfu Lela Ulela, katika hadithi ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra. Katika asili hiyo Khalifa Harun Rashid anaona ushuru wa Basra umechelewa, anamtuma Abu Is-haq al-Mausili kuufuata, na mjumbe anamkuta liwali akiwapiga usiku mbwa wawili kisha akawakumbatia na kulia. Mbwa hao ni ndugu zake waliogeuzwa na jini kwa sababu ya hasadi yao. Shaaban amekichukua kisa akakitoa Iraki na kukipeleka katika nchi isiyo kwenye ramani, inayoitwa Ughaibu. Khalifa amekuwa Mfalme Rai, mjumbe amekuwa Ikibali, mbwa wamekuwa manyani, na liwali ni Adili wa mji wa Janibu.

Mwanafunzi wa Kiarabu akiyatazama majina haya ataona kazi iliyofanyika. Katika asili ndugu wawili wanaitwa Nasir na Mansur, majina ya ushindi, yasiyosema chochote juu ya tabia zao. Shaaban amewaita Hasidi na Mwivu. La kwanza ni la Kiarabu, la pili ni la Kibantu, na maana yake ni moja. Yaani mtu mmoja mwenye ndugu wawili, na ugonjwa wa nyoyo zao ni ule ule, umetajwa kwa lugha mbili zilizozaa Kiswahili. Kwa maoni yetu haikumtokea kwa bahati.

Lakini badiliko kubwa liko mwishoni. Katika Alfu Lela Ulela, ndugu wale wanarudishiwa ubinadamu, wanasamehewa, kisha hasadi inawarudia, wanamtosa ndugu yao mtoni usiku, na mwisho wanauawa kwa amri ya Khalifa. Huo ndio mwisho wa kisa cha barazani, ambapo mwovu lazima alipwe ndipo wasikilizaji waende kulala. Shaaban hakuutaka. Kwake yeye ndugu wanarudishiwa umbo lao, wanatubu, na msamaha unasimama. Tumejiuliza mwisho huu ameutoa wapi, na jibu letu ni kwamba ameutoa mahali ambapo kila mtoto wa chuo anapajua: Suratu Yusuf. Ndugu wenye husuda, kutupwa, kuinuliwa kwa aliyetupwa mpaka akawa na mamlaka ya hazina, kisha siku ya kukutana, ambapo aliyedhulumiwa ana uwezo wote wa kulipiza naye akawaambia kwamba hapana lawama juu yao. Shaaban amechukua mwili wa kisa kutoka Alfu Lela Ulela, na roho ameichukua ndani ya Qur'ani. Mhakiki asiyekisoma kisa cha Yusuf ataona hapa ni hadithi ya watoto iliyomalizika kwa harusi. Mwalimu wa madrasa ndiye angeweza kuionyesha siri hii, naye hayupo.

Kusadikika, cha mwaka 1951, kimesomwa zaidi kama fumbo la utawala wa kikoloni, na usomaji huo ni sahihi. Nchi inaelea hewani, watu wake wanasadiki kila wanaloambiwa, na waziri mkuu Majivuno anamshitaki kijana Karama mbele ya Mfalme Jeta kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Sisi tunapenda msomaji wa fiqhi akitazame kitabu hiki kwa jicho la mlango wa hukumu na ushahidi. Kosa la Karama ni nini? Ni kutaka watu waijue sheria wanayohukumiwa kwayo. Na hoja yake kubwa barazani ni ipi? Ni kwamba mshitakiwa hahukumiwi mpaka asikizwe. Hili kwetu ni asili iliyothibiti: Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) Yemen awe kadhi, alimfundisha asimhukumie mmoja wa wagomvi wawili mpaka amsikie na wa pili. Na barua ya Umar (r.a.) kwa Abu Musa al-Ash'ari juu ya kuwasawazisha wenye mashitaka katika kikao na katika kutazamwa, tunaisomesha kila mwaka.

Karama alipopewa nafasi hakujisifu. Alileta habari za wajumbe sita waliotumwa zamani na Kusadikika kutafuta maarifa katika pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na manufaa, nao badala ya kusikilizwa wakatiwa gerezani. Tazama majina yao: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Yote ni Kiarabu. Dalili, hisani, kukubali, msaada, kuridhia, uaminifu. Anayeanza ni Buruhani, na hii ni tartibu ya kikadhi, maana kikao cha hukumu hufunguliwa kwa bayyina. Na nchi iliyomfunga Buruhani gerezani haiwezi kuwa na hukumu. Mwanafunzi asiyejua Kiarabu huyaona majina haya ni majina tu, akayakariri kwa mtihani. Mwenye kukijua ameshapewa nusu ya kitabu kabla ya kufungua ukurasa wa pili.

Inafaa kuongeza hapa kwamba katika hadithi nyingine majina yanabadilika. Kufikirika, ambacho kiliandikwa katika miaka ya 1940 kikatoka baada ya kufa kwake, mwaka 1967, kina mtu aitwaye Utubusara Ujinga. Utubora Mkulima, kilichotoka mwaka 1968, kinamchukua karani aliyeacha kazi ya afisi akarudi shambani. Sasa "utu" wa Kibantu umeunganishwa na "busara", ambayo ni basira ya Kiarabu. Wako wanaodai kwamba huku ni kuuacha Uislamu na kuuendea utu usio na dini. Hatuafikiani nao. Maana ya "utu" katika vitabu hivi haitofautiani na muruwa wanaouzungumza mafakihi katika sharti za shahidi mwadilifu: kujiepusha na uduni, kutimiza ahadi, kula jasho lako. Shahidi asiye na muruwa haupokelewi ushahidi wake ijapokuwa anasali. Shaaban ameliweka hilo katika hadithi ya mkulima.

Khayyam tutamalizana naye upesi. Umar al-Khayyam wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1131, alikuwa bingwa wa hisabu aliyeandika juu ya aljebra na kushiriki katika kutengeneza kalenda ya Sultani Malik Shah mwaka 1079. Rubaiyat zinazotajwa kwa jina lake, nyingi hazina uhakika kuwa ni zake. Shaaban hakuzifasiri kutoka Kifarsi. Alizichukua katika Kiingereza cha Edward FitzGerald, kilichotoka mwaka 1859, naye FitzGerald alikuwa na mkono mwepesi wa kuongeza na kupunguza. Kwa hiyo kilichofika Tanga mwaka 1952 ni kivuli cha kivuli. Kwa upande wa hukumu, inajulikana kwamba mwenye kunakili maneno ya kufuru hawi kafiri kwa kunakili kwake, sembuse mwenye kufasiri beti za mvinyo. Lakini kuruhusiwa ni jambo moja na kufaa ni jingine. Kitabu hiki hatutakiweka mbele ya watoto, na hatuoni kwamba mtunzi wetu amepungukiwa kitu kwa sisi kukiacha.

Wasifu wa Siti binti Saad ni jambo tofauti. Ulitoka mwaka 1958, miaka minane baada ya Siti kufariki. Mas'ala ya ala za muziki tunayajua, na rai ya jamhuri ya maulamaa katika madhehebu manne inajulikana, pamoja na tafsili ya Imamu Ghazali katika Ihya na khilafu ya Ibn Hazm. Hatuna haja ya kuufungua mlango huo, kwa kuwa kusoma tarjama ya mtu si kusikiliza nyimbo zake. Wanahistoria wetu waliandika tarjama za wafalme, makadhi, matabibu na waimbaji pia. Kitabul-Aghani cha Abul-Faraj al-Isfahani kimejaa habari zao, na hakuna mwanafunzi wa Kiarabu asiyekihitaji. Shaaban alichokiona katika maisha ya Siti ni mtoto wa kijiji cha Fumba, Unguja, wa ukoo wa kitumwa, aliyetembea na vyungu vya udongo akiuza, na ambaye jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Baadaye akaitwa Siti, nalo ni lile "sitt" la Kiarabu, bibi. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri.

Ni katika Sunna kuyabadili majina mabaya kwa mazuri, na imekuja katika hadithi sahihi kukatazwa bwana kumwita aliye chini yake "mtumwa wangu" na "mjakazi wangu". Watu wa mwambao walikuwa na hadithi hizi vitabuni, na bado watoto wakaitwa Mtumwa. Kutoka Mtumwa mpaka Siti ni safari ya jamii nzima, na Shaaban ndiye aliyeona kwamba inastahiki kuandikwa kitabu, wakati ambapo wenye kalamu wengi wakiandika nasaba za mabwana tu. Mwenye kuichukia taarabu aichukie, lakini asiwe sababu ya kuufunika ushahidi huu.

Inabaki fani ya tatu, ya mtu kuandika habari zake mwenyewe. Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949, na Baada ya Miaka Hamsini kilifuata karibu na mwisho wa umri wake. Baadaye vikachapwa pamoja. Kwa wengi hii ni fani ya Kizungu. Lakini Usama bin Munqidh, mpanda farasi wa Shaizar, aliandika Kitabul-I'tibar katika uzee wake kabla ya kufariki mwaka 1188. Imamu Ghazali ameeleza safari ya shaka na yakini katika Al-Munqidh. Na Jalalud-Din Suyuti, aliyefariki 911 Hijria, aliandika kitabu kizima cha habari zake na akakipa jina linalotokana na aya ya mwisho ya Suratu Dhuha, ile inayoamrisha kuzihadithia neema za Mola. Sharti waliloliweka ni kwamba mtu aandike kwa shukrani na kujihesabu, asiandike kwa riya. Mpaka baina ya viwili hivyo ni mwembamba, na kila mwenye kuandika "mimi" yuko juu yake.

Shaaban amepita juu ya mpaka huo kwa namna inayotupendeza. Hasemi mengi juu ya utoto wake. Anasema juu ya kazi, ndoa, watoto, uhamisho na deni la vitabu alivyotaka kuviandika. Anaeleza safari ya kwenda Mpwapwa pamoja na watu wake, ambapo ubaguzi wa rangi ulimfika njiani, naye anaieleza bila matusi, kwa utulivu ambao unamtia msomaji aibu kwa niaba ya waliomtendea. Wahakiki wengine waliuona utulivu huo ni udhaifu. Kwetu ni subira ya mtu anayeweka kumbukumbu ya shahada, na shahada haitiwi chumvi. Mtu yule yule aliyeandika hivi ndiye aliyemweka Karama barazani, na waliosoma vitabu viwili hivyo pamoja hawatasema kwamba alikuwa hana hasira.

Humo humo amemlilia mkewe Amina, aliyefariki akamwachia watoto. Marthiya ya mke ni nadra katika ushairi wa Kiarabu wa kale. Waarabu waliwalilia ndugu, kama Khansaa alivyomlilia Sakhr, na waliwalilia mashujaa na wafalme, ama mke walimlilia kwa siri. Jarir, mshairi wa zama za Bani Umayya, anakumbukwa mpaka leo kwa kuuvunja mwiko huo. Katika Kiswahili, shairi la Amina limekuwa ndilo mlango wa fani hiyo kwa wengi waliokuja baadaye. Mwanamume wa pwani kuandika hadharani kwamba amevunjika kwa kufa mkewe, na kulichapisha, halikuwa jambo dogo katika miaka ile.

Kuna pia barua zake. Alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu mwaka 1931 hadi 1958 zilitolewa kitabu mwaka 2002 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, chini ya uhariri wa Mugyabuso Mulokozi. Hizo hakuziandika ili zisomwe na sisi, kwa hiyo zinafaa kuwa mizani ya Maisha Yangu, kama vile muhadithi anavyoipima riwaya kwa riwaya. Mwanafunzi wa historia anayetafuta mada ya utafiti asihangaike mbali.

Mkumbuko mmoja wa kifiqhi kabla hatujaendelea. Vitabu vyake vingi vilitoka baada ya yeye kufa, na hapo linazuka suala la haki ya mtunzi: je, ni mali inayorithiwa? Mafakihi wa kale hawakulizungumza kwa sura hii kwa sababu kitabu kilinakiliwa kwa mkono. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za utunzi ni haki zinazolindwa na sheria na haijuzu kuzivamia. Basi hata madrasa inayotoa kopi za tenzi kwa ajili ya wanafunzi wake ilitazame jambo hilo.

Tukirejea kwenye suala tulilolianza nalo, rai yetu ni kwamba Shaaban Robert arudishwe darasani kwetu, na mlango wa kumwingiza upo tayari. Ndani ya Maisha Yangu amezitia tenzi mbili: Adili, aliyomtungia mwanawe wa kiume, na Hati, aliyomtungia binti yake. "Hati" ni khatt ya Kiarabu, maandishi, na kwa Waswahili ni waraka wenye ahadi ndani yake. Utenzi huu ni pacha wa Mwana Kupona. Kule, mama aliye mgonjwa, akihisi safari imekaribia, anamwita binti yake aje na wino na karatasi. Huku, ni baba aliyefiwa na mkewe, mwenye binti asiye tena na mama wa kumwambia maneno hayo. Baina ya mwaka 1858 na miaka ya 1940 serikali zimebadilika, herufi zimebadilika, na bahari ya utenzi ni ile ile.

Tunapendekeza walimu wazisomeshe tenzi hizi mbili bega kwa bega, kwa wasichana na wavulana wa darasa la juu la madrasa, mara moja kwa juma baada ya somo la fiqhi ya ndoa. Mwalimu awape wanafunzi kazi ya kutazama yale aliyoyasema mama na baba hakuyasema, na yale aliyoyaongeza baba. Adili na Nduguze kifuate, kisomwe wakati ambapo darasa la tafsiri limefika Suratu Yusuf. Kusadikika kingoje mpaka wawe wamesoma mlango wa ukadhi.

Wallahu aalam.